Kidole Kimoja cha Maji

Saa kumi na mbili asubuhi navua kandambili,
daftari kichwani, penseli sikioni,
naifuata nguzo yenye namba.
Zamani niliisoma nikiwa nimesimama majanini.
Leo ni mwendo,
na tope linaninyonya miguu kama ndama.

Nyumba ya Mungu, walikuita.
Nyumba isiyo na paa:
jua huingia bila hodi, hunywa, huondoka,
wala jina lake halimo katika orodha ya wadaiwa.
Upana wako jicho haliumalizi,
lakini huku pembeni mbuzi anavuka na tumbo lake kavu.
Wewe ni sinia, si mtungi.
Mtungi ukipungua kidole, nani atajua?
Sinia likipungua kidole, ukingo mzima unabaki mweupe.

Basi kidole kimoja cha wima kwenye nguzo
ni hatua mia mbili za ulalo topeni.
Kikishuka, mitumbwi inalala ubavu nchi kavu,
mmoja umeshatagiwa mayai na kuku.
Kikipanda, maharage ya Eliapenda,
aliyoyapanda pale ulipokuwa umelala mwaka jana,
yanaoza yakiwa na maua.

Simu inalia kutoka Moshi.
"Nakunda, ngapi leo?"
Ni Injinia Kileo, mwenye feni na mstari wa bluu ukutani.
Nyuma ya sauti yake nasikia foleni:
mpunga wa Kahe unataka kunywa kwanza,
mitambo ya umeme kule chini inataka lango lifunguliwe,
wavuvi wanataka lifungwe,
na mlima, mwenye mali,
amejifunika wingu kama mtu anayekwepa deni.

Nakiri. Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilidanganya.
Wavuvi walikuja usiku na perege wawili wakavu,
hawakusema kitu, waliwaweka tu mlangoni.
Asubuhi nikaandika pungufu, sentimeta nne.
Moshi wakaamuru lango lizungushwe nusu duru.
Siku tisa nilitembea kifua mbele,
mama mwenye nyumba wa Nyumba ya Mungu.
Siku ya kumi nikaenda nguzoni, nikachutama:
maji yalikuwa palepale nilipoyaandika.
Lango limebanwa, na bado yameufikia uongo wangu,
taratibu, kwa njia ya juu.
Ziwa halikusoma daftari.

Wale perege niliwala, sikatai.
Walikuwa na miiba.

Leo namba zimeisha.
Sifuri yenyewe iko hewani, imeota ukungu wa kijani,
konokono amejishikiza juu yake amekauka.
"Ngapi?" anauliza Kileo.
"Nimeipita sifuri."
Kimya. Nasikia feni.
"Andika hasi," anasema, "halafu namba."
Hasi ya ngapi, Injinia? Napimia wapi?
Simu imekata. Au salio limekata, sijui.

Nimekata ufito wa mgunga,
nikautia alama kwa kisu, kidole baada ya kidole,
kidole changu mwenyewe, chenye kovu la mundu.
Naingia mpaka magotini, mpaka maji yanapoanza kuwa maji,
nauchomeka, nauegemea usiyumbe.

Eliapenda ananiita toka shambani kwake,
pale ambapo zamani tulivua:
"Unapanda nini huko?"

Namwonyesha alama ya kwanza.
Maji yanaigusa, yanaiacha, yanaigusa.