Mizani ya Siyu

Mbeyu,
wewe bado uko Malindi, zamu ya usiku, wodi ya njiti,
na zile mashine zinalia ti-ti-ti
hata ukifika nyumbani masikio yanaendelea.
Nilizichukia. Unakumbuka nilivyoifunga moja kwa taulo,
matroni akanigombeza mbele ya wazazi?
Huku Siyu hakuna kinacholia.

Juzi alfajiri Mwanahawa Shee alijifungua,
mimba ya wiki thelathini na moja.
Mizani yetu ni ile ya ndoano, ya kuning'iniza,
huanza kusema kweli kuanzia kilo mbili;
chini ya hapo hutikisika tu
kama shahidi aliyetishwa.
Nikamtuma Bunu dukani kwa Lali,
akarudi na mizani ya sukari, ya sahani mbili, na mawe yake.
Nikaifuta sahani kwa spiriti, nikamlaza.
Upande wa pili jiwe la kilo, jiwe la robo,
haikutosha,
Bunu akaongeza betri ya tochi, zikalingana.

Kilo na robo na betri.

Huko kwenu uzito huo hatukuuogopa.
Wa gramu mia tisa ndiye tuliyemkalia macho.
Wa kilo na robo tulimwita mzee,
tulimwekea mrija, oksijeni kidogo,
tukaenda kunywa chai.
Chai, Mbeyu.

Nisiseme mtungi wa oksijeni haupo. Upo pembeni,
na mshale wake umelala kwenye sifuri tangu Mfunguo Tatu.
Boti ipo pia, na mafuta tulichanga.
Lakini alizaliwa maji yametoka,
na maji yakitoka mkondo wetu ni tope na mizizi ya mikoko.
Nahodha alitazama tope, akatazama saa.
"Saa sita kasorobo," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa la mwezi.

Nikamweka kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi,
soksi ya Bunu ikawa kofia,
nikawafunga pamoja kwa leso mbili.
Mwanahawa alipoanza kutetemeka kwa homa,
nyanya akafungua vifungo vya kanzu,
kifua cha miaka sitini na ushei.
"Nipani," akasema.
Nasi tukampa.

Mara ya kwanza alisahau kupumua saa mbili.
Nikampiga kidole unyayoni, akakumbuka.
Mara ya pili saa nne na nusu, akakumbuka, kwa shida.
Mara ya tatu
maji yalikuwa yamemfika nahodha magotini.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka Nairobi, mpole,
akanakili daftari letu: njiti kumi na mmoja, wamebaki wanne.
Nikamwambia nilikotoka, katika idadi kama hiyo,
tulizika wawili.
Akaandika: tofauti za kimaeneo.
Nikayatazama maneno yale, yalivyonyooka,
hayana tope popote.

Daftari lina safu ya jina. Jina lingewekwa siku ya saba.
Nimeandika: mwana wa Mwanahawa.
Lina safu ya sababu, nyembamba, ya maneno matatu manne.
Nimeandika: kuzaliwa kabla ya wakati.
Si uongo.
Lakini kalamu ilikwama, maana yeye alifika,
maji ndiyo yaliyochelewa.

Lali amechukua mizani yake, ameiosha mara mbili.
Jana niliingia kununua sukari,
akaniuliza kiasi gani,
nikashindwa kutamka robo.

Mbeyu, ile mizani kuukuu iliyo stoo, yenye ufa,
iombee ruhusa unitumie kwa basi la Mokowe.
Na kama kuna mashine wanayotaka kuitupa,
hata iwe mbovu, hata iwe inakosea,
alimradi inalia.