Mwenyeji Apone

Saa tisa usiku Maëlys anawasha tanuri.
Mimi nachekecha unga. Ziwa la Annecy limelala,
na ghorofa zilizo juu yetu zimelala pia,
ila zenyewe tangu Agosti:
wenye funguo wako Paris, wako Geneva,
mapazia yao yanapashwa joto bure.

Jana alikwenda kwa dalali na faili lake.
"Kipato kiwe mara tatu ya kodi, bibie."
Chake ni mara moja, na chenji ya sigara.
Mdhamini? Mama yake. Pensheni ya kiwanda cha misumari.
Dalali akalifunga faili taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wageni wamekuja, wamependa, wamenunua.
Mwenyeji analala garini nyuma ya duka,
Jumatatu hadi Alhamisi,
soksi mbili mbili.

Kumepambazuka. Mteja anaupokea mkate ungali moto:
"Mna bahati nyie, kuishi mahali pazuri hivi!"
Maëlys anahesabu chenji, senti thelathini.
"Ni pazuri," anasema.
Shavuni mwake bado ipo
alama ya mkanda wa gari.