Baada ya Goti

Mama Risper alinisikia nikisema
"Jioni naenda klini,"
akanitazama tumboni, akahesabu vidole:
"Mwezi wa ngapi huu?"
Nikacheka, mkono ndani ya beseni lake la omena.
Klini si kliniki, nikamwambia,
ni kutoa chuma sakafuni
na kukilaza mabegani kwa pumzi moja.
Akaguna.
"Na huko chini kilikuwa kinamsumbua nani?"

Nyuma ya karakana ya Obuya, hapa Nyalenda,
kuna mabati matatu, matairi yaliyopasuliwa yakawa zulia,
na mtaimbo uliowahi kuwa ekseli ya lori la miwa.
Ekseli haizunguki kiganjani.
Ukichelewesha viwiko
inakufunza adabu kwenye kifundo cha mkono.

Mchana nabeba saruji pale Kibuye,
kilo hamsini, mfuko baada ya mfuko;
nilidhani hakuna chuma cha kunifundisha uzito.
Siku ya kwanza niliukwapua mtaimbo kama mwizi wa kuku,
mikono mbele, mgongo umepinda mithili ya ndoana.
Ukazunguka mbali, ukarudi kunisalimu kooni.
Obuya hakusema pole.
Alinipa mpini wa ufagio.

Wiki tatu, mpini wa ufagio!
Watoto wa shule wakachungulia tundu la bati:
"Anti, unafagia hewa?"

Obuya ana maneno machache
na hayo machache huyarudia mpaka yaote kutu:
Usivute. Sukuma ardhi.
Mikono ni kamba, na kamba haina haraka.
Aliponirudishia chuma alikipaka chokaa,
nikainua, kisha akainama kusoma suruali yangu:
muundini mstari mweupe,
pajani hamna kitu.
"Hapa ulikiacha," akasema,
"kikaenda matembezini."

Niliimbiwa tangu utoto kwamba haraka haina baraka.
Nusu ya ukweli hiyo.
Haraka ina baraka tele,
ila haiji kabla ya goti.
Ondoka chini taratibu, kama anayeinua mtoto aliyelala,
mgongo bapa, kifua kikitazama ukuta,
chuma kikikwaruza ngozi, na kikwaruze,
mpaka kipite magoti, kiguse paja,
hapo sasa, nyonga,
hapo!

Alhamisi moja mvua ilikuwa inagombana na mabati.
Kilo hamsini na tano.
Nilisukuma ardhi, ardhi ikakubali.
Nyonga zikafyatuka, mabega yakapanda masikioni,
na kwa nusu ya nusu sekunde
chuma hakikuwa cha ardhi wala changu,
kimesimama hewani kama mgeni asiyejua akae wapi.
Sikukipandisha tena.
Nilikishukia.
Viwiko vikapita mbele kwa kasi ya mlango uliopigwa teke,
visigino vikagonga matairi, pa!
na mzigo ukalala mabegani
pasipo kuamsha mfupa.

Obuya akasukuma kofia ya kuchomelea juu ya kipaji.
"Umesikia?"
"Nini?"
"Kile kimya."

Bila shaka nikaongeza kilo tano.
Bila shaka nikavuta kwa mikono.
Chuma kikaanguka, mbu wakatawanyika,
jirani akagonga ukuta kwa mwiko.
Obuya hakugeuka hata; cheche zake ziliendelea kuruka.
Nikaenda mwenyewe pembeni,
nikachukua ufagio.

Ijumaa, Kibuye, lori limewasha injini.
Nimeusogeza mfuko hadi ukagusa miundi,
nimenyoosha mgongo, nimevuta pumzi mpaka mshipini.
Dereva anapiga honi:
"Akeyo, mbona leo polepole hivyo?"
Ngoja, namwambia,
bado sijafika gotini.