Siku ya Posho, Barabara ya Kasumbalesa

Sheria ziko ukutani, kwa rangi ya bluu,
mwandiko wa mtoto wa shule aliyelipwa soda.
Ya kwanza, usipikie chini ya tangi.
Ya pili, usikojolee tairi la mwenzio.
Ya tatu mvua imeifuta, hakuna anayeikumbuka.
Ya nne, funguo zinalala kwa Mama Feza
mpaka lundi, saa kumi na moja alfajiri.

Nimeingia Lubumbashi Jumamosi, jua limeegemea
ule mlima mweusi wa makapi ya tanuri.
"Leo siku ya posho," akaniambia mlinzi getini,
nikacheka hadi nikakohoa vumbi:
posho yangu mimi iliishia Nakonde, wakati wa kuja.
Kumbe ndivyo huku wanavyoiita Jumamosi.
Na Jumapili ni siku ya yenga,
neno nisilo na la kulilinganisha kwetu Tukuyu.
Nikalipokea hivyohivyo, kama chenji ya noti chakavu.

Nyuma yangu tani thelathini za shaba,
bamba juu ya bamba, zimekazwa kwa mikanda ya chuma,
bamba moja lina bei kuliko mwezi wangu mzima.
Usiku wa nne huu tangu nipakie Kolwezi
nalala usingizi wa kuku:
jicho kwenye kioo cha pembeni, sikio kwenye turubai.
Pale Likasi walimchania Mwasomola turubai
naye yumo ndani, anaota.
Asubuhi akahesabu mabamba, akahesabu tena,
akaketi kwenye lami, akavua viatu
kama mtu aliyefika kwake.

Mama Feza ana kalamu nyuma ya sikio.
"Tanzania," ananiita, kana kwamba nimeipakia nchi yote,
"leta funguo."
Nilale bila funguo?
"Mwenye funguo halalake."
Franka elfu tano kwa usiku, elfu moja ndoo ya maji,
makala ujitegemee.
Utingo wangu Anyitike akasonga bukari, mbali na tangi.

Saa sita usiku simu ikalia.
Bosi yuko Dar, anaitazama nukta yangu, haisogei.
"Sogea mpakani ushike nafasi. Utalala kwenye foleni."
Nikaenda na kandambili kugonga kwa Mama Feza.
Hakufungua. Ulitoka mkono dirishani,
mtupu, hauna funguo. Ulitaka simu.

"Patron, gari iko. Shaba iko. Shofere iko analala."

Nimesimama mbele yake,
macho mekundu kama taa za breki.

"Upige lundi."

Basi nikalala, kwa kuwa nilishasemwa hivyo
na si vizuri kumfanya mama wa watu mwongo.
Sikuota barabara. Sikuota kitu.
Mara moja tu nilizinduka, gizani,
mlinzi Mwepu anazunguka na fimbo yake,
anagonga tairi la kila gari, tairi moja, pigo moja,
lilipofika la kwangu nikalisikia mgongoni
nikageuka upande wa pili.

Siku ya yenga iliniamsha kwa kwaya za pande tatu,
kila moja na wimbo wake, hakuna iliyoinyamazia nyingine.
Mwape wa Mzambia ananyoa ndevu kwenye kioo cha gari langu,
anaomba radhi kwa povu.
Mwepu ameketi kwenye tairi bovu, bado na koti la usiku.
"Wewe unalala lini?"
"Mukiisha kuenda," akasema,
akacheka, akaangalia geti.

Nilikwenda kunawa, nikasimama ukutani
pale ilipokuwa sheria ya tatu.
Nimeipapasa kwa kidole chenye maji.
Imebaki herufi moja, ile ya mwanzo, L.
Anyitike anasema ni Lipa.

Nikarudi kitandani.