Ajenda Namba Saba

Ajenda namba saba: maji ya chumvi
tunayoyarudisha baharini pale Sur.
Mimi ndiye katibu. Naandika.
Mwenyekiti anachokoa tende kwa uma,
anasema, "Hilo tulipitishe, muda umekwenda."
Mikono inapanda kabla ya macho.

Mkaguzi peke yake, Muhenna bin Zahor,
amevua miwani, ameilaza juu ya jedwali:
"Kipimo cha Machi kimeandikwa kwa kalamu mbili."

Kiyoyozi tu kinaguna.

Nalikumbuka daftari la falaji kule Ibra,
mama akinunua zamu ya maji kwa mnada,
nusu saa ya Alhamisi, mitende minne:
jina, bei, kivuli cha kijiti, shahidi.
Hata wakili wa falaji, zamu yake ilipokwisha,
aliinama mwenyewe, kanzu imelowa magotini,
akauziba mfereji wake kwa jiwe na tambara
mbele za watu.
Hakuna aliyemshangilia. Ndivyo ilivyokuwa.

"Katibu, hayo usiyaandike," anasema mwenyekiti
kwa upole, kama mtu aombaye chumvi mezani.

Chumvi anayo, tele, kilomita mbili za pwani.

Naandika: saa tano na robo, kalamu mbili.
Chini yake naandika na ombi la kutoandika,
na jina la aliyeomba.
Kisha namsogezea karatasi atie sahihi.

Huenda kesho kadi yangu isifungue mlango wa chini.
Ijumaa binti yangu ataokota kaa palepale Sur;
anawahesabu kwa sauti,
na akikosea, anaanza upya.