Koti la Mtu Mkubwa

Mimi ni mtu wa mitumba, meza ya tatu kutoka bombani,
soko la Memorial. Nguo siinunui kwa macho.
Naigeuza ndani nje, naushika mshono wote,
nanusa kwapa, natia mkono mfukoni hadi kwenye kona,
ndipo tunataja bei.

Basi Penieli alipokuja na karatasi zake zinazong'aa,
viatu havina hata chembe ya vumbi la Moshi,
akasema, "Mama Ndekirwa, hii bima ni ya kampuni kubwa,
ina matawi mpaka nje ya nchi,"
nikamwambia: kaa kwenye hilo belo,
nilitazame koti lako.

Kwa nje, sikatai, ni koti.
Kitambaa kizito, bitana ya hariri:
chumba cha peke yako, miwani, meno,
hata ndege ya kukubeba hadi Nairobi.
Nikacheka. Mimi nikienda mbali ni Himo.

Nikaligeuza.
Herufi za huko ndani zilikuwa ndogo
kama mayai ya chawa kwenye pindo.
Nikamwita Ndekirwa, yuko darasa la sita, anisomee.
Akasoma kwa sauti ya shule, mikono nyuma:
"Maradhi yaliyokuwepo kabla ya mkataba
hayatalipiwa miezi kumi na miwili ya mwanzo."
Akanyamaza. Akashika mfuko wa kaptula,
mle anamoweka kile kidude cha bluu cha kuvutia dawa.
"Mama, hapa wananisema mimi?"

Penieli akainamia viatu vyake.

Soma, mwanangu, soma na mfuko wa kushoto.
Mwisho wa kujiunga, miaka sitini na mitano.
Mama yangu yuko Mbokomu na presha yake,
ana sabini na mmoja, na bado anakata majani ya ng'ombe.
Orodha ya hospitali: Dar ukurasa mzima,
Arusha nne, hapa kwetu mbili,
na ile ambayo nesi anamjua Ndekirwa kwa jina,
anayemwekea mvuke kabla sijafungua pochi,
haimo.

Lakini nisiwe mwongo.
Jirani yangu Kandida, mhasibu wa kiwandani,
alipasuliwa uvimbe mwaka juzi, milioni nne na ushee,
akatoka bila kuacha hata shilingi ya maji.
Kampuni hiihii. Koti lilimkaa,
na nusu ya bei alitoa mwajiri.
Mwajiri wangu mimi ni baridi.

Kwa sababu nilipiga hesabu: malipo ya mwaka
ni belo moja na nusu la sweta za watoto, daraja la kwanza.
Julai ndiyo sweta zinakwenda.
Julai ndiyo kifua cha mwanangu kinapiga filimbi.
Mlima unapovuta blanketi lake
mimi nauza, na yeye anakohoa.

Ukubwa wa koti si joto.
Nimewavalisha watu makoti ya majitu,
mikono ikameza vidole,
upepo ukaingia shingoni kama kwake.
Ila pia nimemwona mtu akikataa koti kwa sababu ya kifungo kimoja,
akaondoka akitetemeka.

Sikusaini. Karatasi sikumrudishia.
Kwa ile kalamu ninayoandikia bei nikaandika nyuma yake:
Miezi kumi na miwili inahesabiwa kuanzia lini,
siku ya kusaini au siku ya kumaliza deni?
Usiku wa manane, kutoka Rau, nani anapokea simu?
Na ile hospitali, mliiacha au ilikataa?
Penieli akasema ataniletea majibu Alhamisi.
Alisema vizuri. Ni kijana wa watu.

Usiku nikazikunja karatasi
kama ninavyokunja nguo ambayo mteja ameapa atairudia:
mezani hairudi, kwenye belo haiingii,
inakaa pembeni.
Kila mwezi ninaosita
ile miezi kumi na miwili inasogea nao.
Chumba cha pili, filimbi, nyembamba.
Nikakaa kitandani, miguu chini,
nikihesabu.