Usiguse Hiyo

Siku ya thelathini na mbili tangu kuota
napita vitaluni Ngetta, kalamu sikioni,
mistari ishirini na minne ya mgagani,
mboga ambayo mama aliiita akeyo
na sisi watoto wa kambi, kwa Kiswahili chetu cha gwaride,
tuliiita chungu-chungu, tukaila hivyo hivyo.

Mstari wa tatu: umechanua.
Wa tisa: umechanua, bua limerefuka hadi kiunoni.
Wa kumi na moja sikuukagua.
Mbuzi wa jirani aliukagua jana.

Kazi yangu ni kuhesabu siku.
Daktari Okwir ndiye anayejua mengine:
kwamba jani, si ua, ndilo lenye saa;
jani hupima giza, likatuma ujumbe mdogo wa protini
upande mishipani mpaka kileleni:
*acha majani sasa, tafuta mbegu.*
Na kwamba kuna jeni inayolinda mlango,
kazi yake kusema bado, ngoja, bado,
na katika mimea yenye haraka
mlinzi huyo ana herufi moja iliyokosewa,
basi analala zamu.

Nikamuuliza: lakini hapa Lira, daktari,
usiku na mchana hugawana kama mapacha na chapati moja.
Giza gani la kupimwa?
Akacheka. Akasema swali zuri. Akapokea simu.

Nyuma ya nyumba za mabati za askari
kila mke alikuwa na kitalu chake, upana wa mlango,
kikinywa maji ya kufulia.
Mmea uliojaa majani waliuchuma mpaka ukabaki fimbo.
Ule uliokimbilia maua waliuacha,
maana ulikuwa umekwisha kuwa mgumu, haufai sufuria,
na mbegu zake ndizo zilizopandwa mwaka uliofuata.
Miaka kumi wakapanda haraka, wakavuna haraka,
wakailaumu mvua.

Mama alirarua utepe kwenye gwanda kuukuu la baba
akaufunga kwenye mmea mmoja,
uliochelewa kuliko wote.
Tukiusogelea na njaa zetu: *Usiguse hiyo!*
Ngeli za maneno zilimshinda.
Za mboga, hapana.

Halafu ule mwaka baba hakurudi kutoka alikopelekwa,
na mvua ya pili nayo haikurudi.
Mgagani ulichanua ukiwa na urefu wa kiganja,
majani manne, ua juu yake, jeupe, kubwa kuliko mwili.
Mmea ukihisi kufa haungoji mlinzi.
Mwezi uleule dada yangu Abeja aliolewa Dokolo
kwa ng'ombe wanne na kitanda.
Alikuwa na miaka kumi na mitano.
Mama alisimama kitaluni, utepe mkononi,
akatafuta wa kuufunga, akakosa.

Jedwali la daktari lina safu ya joto,
safu ya maji, safu ya urefu wa bua.
Sijui ningeliandika wapi hilo.

Siku ya hamsini na nane.
Mstari wa kumi na saba ulikuwa majani tu mpaka jana,
mapana, yenye vinyweleo vinavyonata vidoleni,
nami nilianza kuupenda vibaya,
nikitaka usichanue kamwe,
kana kwamba mmea usiochanua kamwe
una mtoto wa kumwachia ucheleweshaji wake.

Leo kileleni nimekuta kitu
kidogo kama kichwa cha kiberiti.
Nimeandika 58. Nimeifuta, nikaiandika tena, vizuri.

Abeja alipiga simu Jumapili kuomba mbegu.
Binti yake yuko bweni, anamaliza mwakani,
hapendi chakula cha shule.
Nikamwambia subiri, zipo njiani, hazijakomaa.

Lebo nyeupe ya daktari ipo pale, na namba yake.
Chini yake nimefunga utepe wa shati langu la kazi.
Atauliza ni wa nini.
Nitamwambia kwa Kiswahili cha kambi.